Anzeni na hesabu, roboti itafuata: barua ya wazi kuhusu maabara zetu za vimeng'enya

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Afya, na ya Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Wakurugenzi Wakuu wa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba);
na Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vyenye maabara za bayokemia.

YAH: UCHAMBUZI WA MIMENYUKO YA VIMENG'ENYA KWA KOMPYUTA KATIKA UTAFITI WA DAWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtafiti wa bayokemia hapa Dodoma, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima jinsi vimeng'enya vinavyofanya kazi na jinsi vinavyoweza kuzuiwa. Ninawaandikia wakati huu wa maandalizi ya bajeti kwa sababu ninaona tukielekea kununua kitu cha mwisho kabla ya kitu cha kwanza, na kwa sababu ninachokiomba kinahitaji fedha kidogo kuliko uamuzi.

Niruhusuni nianze na jambo lililotokea maabarani kwetu. Niliwapa vijana watatu wa shahada ya uzamili faili moja la vipimo, lile lile kwa wote, nikawataka kila mmoja akokotoe peke yake kipimo tunachokiita Km, yaani ukolezi wa malighafi (kitu ambacho kimeng'enya hukibadilisha) unaokifikisha kimeng'enya kwenye nusu ya kasi yake ya juu. Mmoja alichukua dakika mbili za mwanzo za kila mmenyuko, mwingine dakika tano, na wa tatu alifuta nukta alizoona zimepotea njia, kisha akachora ile grafu ya zamani ya kugeuza namba juu chini. Jibu kubwa lilizidi mara mbili ya jibu dogo. Hakuna aliyefanya uzembe, na kila mmoja aliitetea njia yake kwa hoja. Lakini kama kipimo hicho kingekuwa ndicho kinachoamua iwapo kiambato fulani kiendelee kutafitiwa kuwa dawa, basi hatima ya kiambato hicho ingetegemea ni kijana gani alikuwa zamu siku ile.

Kwa wasiofanya kazi hii, kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko mahususi ndani ya kiumbe hai, na dawa nyingi tunazomeza hufanya kazi kwa kukifunga mikono kimeng'enya fulani. Ndivyo inavyofanya aspirini, ndivyo inavyofanya enalapril ya shinikizo la damu, na ndivyo inavyofanya dolutegravir kwa watu wanaoishi na VVU. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2001, klorokwini ilipoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini na SP ikashika nafasi yake, na jinsi ilipofika mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Pyrimethamine, mojawapo ya dawa mbili zinazounda SP, huzuia kimeng'enya cha vimelea kiitwacho DHFR. Vimelea vikabadilisha asidi amino chache za kimeng'enya hicho, hasa katika nafasi za 51, 59 na 108, na dawa ikakosa pa kushika. SP bado wanapewa wajawazito kliniki kama kinga, kwa hiyo kujua ni kwa kiasi gani dawa inakishika kimeng'enya kilichobadilika ni jambo linalomgusa mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki Kondoa au Mpwapwa, hata kama yeye hajawahi kusikia habari za Km.

Sasa tazameni ukubwa wa kazi yenyewe. Ili kueleza kwa uhakika jinsi kizuizi kimoja kinavyofanya kazi, tunapima kwa mfano viwango vinane vya ukolezi wa malighafi, kila kimoja kikiwa na viwango sita vya kizuizi, na kila mchanganyiko mara tatu: jumla mimenyuko 144. Mashine ikisoma kila mmenyuko kila baada ya sekunde 15 kwa dakika kumi, tunapata namba 5,760. Mwanafunzi mwenye michujo 20 ya mimea atakuwa na namba zaidi ya laki moja na elfu kumi na tano. Kupima kwenyewe, kwa sahani ya maabara yenye visima vidogo 96, ni kazi ya siku chache. Kazi ya kunakili namba hizo, kuzipanga kwenye jedwali, kuchora mstari kwa jicho na kukokotoa ndiyo inayokula miezi, na makosa mengi huzaliwa huko huko.

Makosa hayo yana majina. Tangu Leonor Michaelis na Maud Menten walipochapisha kazi yao mwaka 1913, inafahamika kwamba kasi ya kimeng'enya inapaswa kusomwa mwanzoni, kabla malighafi haijapungua sana na kabla mazao ya mmenyuko hayajaanza kurudisha nguvu nyuma. Mwanzo huo unaishia wapi? Jicho la mtu hujibu hivi leo na vile kesho. Tena mmenyuko tunaupima kwa mwanga unaofyonzwa, na hesabu yake ya kawaida hudhani mwanga umepita katika sentimita moja ya maji, ilhali mikrolita 200 ndani ya kisima cha sahani zina kina cha nusu sentimita au zaidi kidogo. Anayesahau kusahihisha hilo huandika kasi iliyopungua karibu nusu. Nimeikuta kasoro hiyo katika tasnifu zilizokwisha kufaulu, na nakiri kwamba mojawapo niliisimamia mimi. Halafu kuna saa. Mtu mwenye pipeti huchukua dakika kadhaa kuanzisha visima 96, lakini mashine huhesabu kana kwamba vyote vimeanza pamoja, na mmenyuko wenye kasi kubwa huwa umekwisha kupita sehemu yake muhimu kabla haujasomwa mara ya kwanza.

Dodoma inaongeza ya kwake. Kasi ya mimenyuko mingi ya namna hii hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi kumi, na chumba chetu cha asubuhi ya Julai si chumba kile kile cha alasiri ya Novemba. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu kiasi kwamba visima vya pembeni mwa sahani hukauka kabla ya vile vya katikati, ukolezi ukapanda pasipo mtu kuongeza chochote, na mtafiti akadhani amegundua kitu. Maji yetu ya visima vya ardhini yana chumvi, na mtambo wa kuyasafisha ukichoka, chumvi hiyo huingia kwenye bafa, yaani kimiminika kinachodhibiti kiwango cha asidi. Hakuna lolote kati ya haya linaloshindikana kurekebishwa, mradi kila kipimo kiandikwe pamoja na joto lake, saa yake, nafasi yake kwenye sahani na kundi la vitendanishi vilivyotumika. Binadamu mwenye visima 96 mbele yake haandiki yote hayo. Anaandika tarehe, na kama ana bidii sana anaandika na saa.

Huenda mtu akasema kwamba kuachia kompyuta kazi hii ni anasa ya nchi tajiri. Kwa heshima, tayari tunaifanya kila siku katika hospitali zetu. Daktari anapoagiza kipimo cha ini katika hospitali ya rufaa ya mkoa, damu ya mgonjwa huingizwa kwenye mashine inayopima kimeng'enya cha ALT kwa kutazama kemikali iitwayo NADH inavyopungua katika urefu wa wimbi wa nanomita 340. Mashine yenyewe huchagua sehemu iliyonyooka, huikokotoa kasi, huikataa sampuli iliyomaliza malighafi mapema, na hutoa jibu bila mtu kuchora mstari wowote. Wazo hilo limezeeka: mashine ya aina hiyo iliyobuniwa na Mmarekani Leonard Skeggs iliingia sokoni mwaka 1957, kabla ya uhuru wetu. Kwa hiyo tumekubali kwamba damu ya mgonjwa ni ya thamani mno kuachiwa jicho na rula, lakini kiambato ambacho kesho kitaingia katika damu hiyo hiyo tunakipima kwa jicho na rula.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakitumia roboti ya maabara iitwayo Eve, nchini Uingereza, walieleza kwamba triklosani, kiambato kilichozoeleka katika dawa za meno, huzuia kimeng'enya cha DHFR cha vimelea vya malaria, hata kile kilichokwisha kuwa sugu kwa pyrimethamine. Triklosani haikugeuka dawa ya malaria kwa tangazo hilo. Ninachokitaja ni kwamba swali lililojibiwa lilikuwa swali letu kabisa, na lilijibiwa na mashine iliyoko maelfu ya kilomita kutoka kwenye mbu wetu.

Hata hivyo siombi Eve. Ninaogopa hasa kwamba tutaletewa Eve. Miaka kadhaa iliyopita maabara ninayoifahamu vizuri ilipokea kwa shangwe mashine ya kusoma sahani, zawadi ya mradi uliokuwa unafungwa. Ilifanya kazi vizuri kwa muda wa leseni ya programu yake. Leseni ilipokwisha, mashine iliendelea kusoma kama kawaida, lakini namba zake zilibaki ndani ya faili ambalo programu ile peke yake ndiyo iliyoweza kulifungua. Barua zilikwenda kwa wakala, na wakala akaleta ankara ambayo haikuwa na kifungu katika bajeti. Kwa muda wa mwaka mzima wanafunzi walikuwa wakipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu zao na kunakili namba moja moja kutoka kwenye picha. Baadaye mashine ilifunikwa kitambaa ili isiingie vumbi, na kitambaa hicho ndicho unachokiona leo ukiingia chumbani.

Naogopa kuona kitambaa hicho kwenye majengo mapya. Mradi wa HEET wa kuendeleza elimu ya juu, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021, unavipatia vyuo vyetu vya umma majengo na maabara ambazo kizazi changu hakikuzipata, na vifaa vitafuata. Ombi langu la kwanza kwa hiyo ni la sentensi moja ndani ya nyaraka za zabuni zinazopita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma: kwamba kifaa chochote cha kupimia mimenyuko kitoe data ghafi, zote, katika faili la maandishi linalosomeka na kompyuta yoyote bila leseni ya ziada, kwa muda wote ambao kifaa kitakuwa hai. Afisa ununuzi hana sababu ya kulijua hili asipoambiwa, na muuzaji hana sababu ya kulisema asipoulizwa. Sentensi hiyo haigharimu hata shilingi moja, na ingekuwepo wakati ule, mashine niliyoieleza ingekuwa inafanya kazi hadi leo.

La pili ni la watu. Lugha za kompyuta zinazofaa kwa uchambuzi huu, kama Python na R, hazilipiwi, na vijana wetu wa vyuo vya Dodoma wanazifahamu. Tunachokosa ni nafasi katika ikama. Maabara ina mteknolojia, ina mhadhiri, ina mhudumu wa usafi. Mtu wa kuandika na kutunza programu ya kusoma faili la mashine, kuchagua sehemu ya mwanzo ya mmenyuko kwa kanuni moja isiyobadilika, kusahihisha kina cha kisima na kuoanisha data zote kwa pamoja na mlinganyo wa Michaelis na Menten, huyo hayumo kwenye muundo wowote wa utumishi. Tukimwomba kutoka kitengo cha TEHAMA tunaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba yeye ni wa mtandao na barua pepe. Naziomba wizara zenu zizungumze na Utumishi kuhusu kada hii, hata kama ni kwa kuanza na watu wawili tu watakaohudumia maabara kadhaa.

La tatu ni la COSTECH, ambayo ndiyo inayogharimia utafiti na kwa hiyo ndiyo yenye sauti. Upo mwongozo wa kimataifa uitwao STRENDA, ulioandaliwa chini ya Taasisi ya Beilstein ya Ujerumani, unaotaja mambo ambayo lazima yaelezwe kuhusu kila kipimo cha kimeng'enya: joto, pH, bafa, ukolezi, namna kasi ilivyokokotolewa. Upo pia mpangilio wa faili uitwao EnzymeML uliobuniwa ili kompyuta ya maabara moja isome data za nyingine. Kila ruzuku inayohusu vimeng'enya iwe na sharti kwamba data ghafi na programu iliyozichambua ziwasilishwe pamoja na ripoti. Nikipokea kazi ya mwenzangu wa Mwanza au Muhimbili, nitaweza kuikokotoa upya usiku huo huo badala ya kuamini jedwali lililopigwa chapa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye dawa zetu za asili, ambako uchambuzi wa haraka na wa uangalifu unahitajika kuliko mahali pengine popote. Mwanafunzi huleta gome la mgunga au majani ya mti ambao bibi yake Bahi huutumia kwa ugonjwa wa kisukari. Tunaupima mchujo wake dhidi ya alfa-glukosidasi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari na ambacho dawa iitwayo akabosi hukizuia. Malighafi tunayotumia huachia rangi ya njano, tunaisoma kwenye nanomita 405, na mara nyingi kimeng'enya huonekana kimezimwa kabisa. Shangwe! Lakini gome la mgunga limejaa tanini, na tanini ndiyo ile ile ambayo watengeneza ngozi wameitumia tangu enzi: hushikamana na protini za ngozi mbichi mpaka ngozi isioze tena. Haichagui. Ukiiweka kwenye kimeng'enya chochote, itakikamata kwa namna ile ile, na hilo halimsaidii mgonjwa wa kisukari hata kidogo. Vile vile mchujo wenye rangi ya kahawia hufyonza mwanga wenyewe na kuidanganya mashine.

Ili kumtenganisha mzuiaji wa kweli na tanini, inabidi kila mchujo upimwe tena pamoja na sabuni kidogo ya maabara inayovunja mikusanyiko ya viambato, upimwe bila kimeng'enya ili kuondoa rangi yake, na upimwe dhidi ya kimeng'enya kingine kisichohusika kabisa. Kazi inakuwa mara nne. Mwanafunzi anayekokotoa kwa mkono hukwepa vipimo hivyo vya ziada kwa sababu hana miezi minne ya kuongeza, na matokeo yake ni maandiko mengi yanayodai kwamba mimea yetu huzuia kila kitu. Programu ikifanya hesabu ndani ya dakika chache, kisingizio hicho kinaisha, na mganga wa tiba asili aliyetuamini kwa kutuonyesha mti wake anapata jibu la kweli, hata likiwa la kukatisha tamaa.

Nisifiche kwamba kompyuta nayo hukosea, na kosa lake ni la jumla: kanuni ikiwekwa vibaya, itarudiwa mara elfu kumi bila kuona haya. Ndiyo maana kila sahani inapaswa kuwa na visima vyenye kizuizi kinachojulikana, kama akabosi, na visima visivyo na kizuizi, na programu ipime umbali kati ya makundi hayo mawili kabla ya kukubali chochote kilicho katikati. Kipo kipimo cha umbali huo kilichopendekezwa mwaka 1999, kinachoandikwa Z', na sahani isiyofikia 0.5 hurudiwa. Nukta yoyote inayokataliwa ibaki kwenye kumbukumbu pamoja na sababu ya kukataliwa kwake. Wapo wenzangu wanaohofu kwamba vijana watasahau kufikiri. Mimi ningewafundisha kwanza kuchora mstari kwa mkono, muhula mzima, ili siku programu ikikosea wawe na cha kuilinganisha nacho. Hofu ya ajira sina, maana mafundi sanifu tulio nao hawatoshi hata kwa kazi iliyopo.

Roboti ya kumimina vimiminika ije baada ya hayo, na iwe moja ya pamoja, ya aina ya gharama nafuu ambayo programu yake iko wazi. Ikae Dodoma. Sisemi hivyo kwa kuvutia kwangu tu: tangu treni ya SGR ianze safari zake hapa mwaka 2024, mtafiti anayeondoka Dar es Salaam au Morogoro alfajiri na kisanduku chake cha barafu huwa amefika kabla ya saa sita mchana. Chumba chake kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi kweli, umeme wa akiba wa kumalizia angalau sahani moja umeme wa gridi unapokatika, na kifungu cha matengenezo kinga na ugezi (kuhakiki usahihi wa vipimo vya kifaa) kilichoandikwa kwenye bajeti tangu mwaka wa kwanza. Bila kifungu hicho, tafadhali msiinunue.

Mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia kiwango cha tatu cha umahiri katika udhibiti. Dawa za wengine tunajua kuzikagua. Mkaguzi wa TMDA hatapokea faili la kiambato kilichobuniwa hapa likiwa na kasi zilizochorwa kwa jicho na namba zilizonakiliwa kutoka kwenye picha za simu, na atakuwa sahihi kulikataa.

Ninaomba nafasi ya kuonana na wataalamu wenu kabla makadirio hayajapelekwa bungeni, katika ofisi yoyote ya Mtumba na siku yoyote mtakayopanga. Nitakuja na kompyuta mpakato moja, na lile faili nililowapa vijana wangu watatu, na programu ambayo mmoja wao ameiandika tangu wakati ule. Tutaliingiza faili mbele yenu mara tatu, kwa mikono ya watu watatu tofauti, na mtasoma wenyewe namba zitakazotoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa bayokemia,
Dodoma.